Kalemie: Mwenyekiti wa chama cha wanajiolojia aliponiambia nishushe mabati ya nyumba yake mwenyewe

Wakuu, pokeeni salamu kutoka Kalemie, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika.

Haya sikusimuliwa. Nilikuwepo, nyundo mkononi, na sitatia chumvi.

Mimi ni fundi wa kupaua nyumba. Miaka hii ziwa limepanda vibaya. Mitaa ya ufukweni maji yameingia hadi vyumbani, watu wamehamia kwenye madarasa, kwenye parokia, kwa ndugu. Mdogo wangu Mulumba alikuja kwangu na mke wake, godoro linachuruzika maji. Tukabanana.

Sasa kuna mama mmoja, nimwite Mama Béatrice. Anafundisha jiolojia chuoni, yaani mambo ya mawe, udongo na maji. Pia ni mwenyekiti wa chama cha wanajiolojia wa jimbo letu.

Alikuwa anajenga karibu na ziwa, kwenye parseli, yaani kiwanja, aliyoachiwa na baba yake. Mimi njo nilikuwa napaua. Maji hayajafika pale, ila unayaona.

Siku moja wanachama wenzake wakaja kufanya mkutano sebuleni mwa nyumba hiyo, maana ukumbi wao ulikuwa umejaa watu waliokimbia maji. Dari hakuna bado. Niko juu ya mbao, nasikia kila neno. (Sikukusudia kusikiliza, lakini masikio hayana kifuniko.)

Walikuwa wamepima mvua na ziwa kwa muda mrefu, wakalinganisha na picha za setilaiti. Kwa kifupi: dunia inapata joto, mvua zetu zinazidi nguvu, ziwa linaweza kupanda tena. Ufukwe wote ule si mahali pa kujenga, hata parseli waliyokaa.

Katibu wao, Papa (yaani Mzee) Gaston, ni mtu mwangalifu. Akasema, "Tuandike ripoti kwa Kifaransa, tupeleke serikalini, basi. Tukisema hadharani watatugeukia. Na wewe Mama, watakuuliza nyumba hii."

"Waulize," Mama Béatrice akajibu. "Chama chetu kina kazi gani kama tunajua na tunanyamaza? Muntu ambaye kitanda chake kiko ndani ya maji hatasoma ripoti ya Kifaransa."

Walibishana mpaka mmoja akatoka nje kupunga upepo. Mwisho wakapiga kura ya kusema hadharani, kwa kunyoosha mikono. Papa Gaston naye akanyoosha, polepole, lakini akanyoosha.

Jumapili baada ya misa wakasimama kwenye uwanja wa parokia, wakaeleza waliyopima, wakawaambia watu wa ufukweni wahamie mlimani. Watu tele, na hasira tele.

Mnielewe hapa wakuu: mjini kwetu kulikuwa na maneno kwamba kuna wakubwa wameziba mto Lukuga, unaotoa maji ziwani, ili tuhame watuchukulie parseli. Hata mimi niliamini nusu.

Mvuvi mmoja, Papa Kasongo, akasema kwa sauti, "Ziwa lilipanda wakati wa baba zetu, likashuka. Litashuka tena. Ninyi mmetumwa!"

Mama Béatrice hakukasirika. "Papa, ni kweli lilipanda. Na linaweza kushuka, siku sijui, sitakudanganya. Mchanga kule Lukuga upo, unapunguza mwendo wa maji, lakini hakuna mtu aliyeuziba mto. Kubwa ni mvua, na mvua hizi si zile za baba zetu. Kama unangoja lishuke, ngoja. Ila usingoje na watoto wamelala ndani."

Papa Kasongo akauliza, "Na nyumba yako, Mama? Si iko kule kule?"

Watu wote wakamgeukia. Mimi niliangalia chini, nikajua kazi yangu imekwisha.

"Iko kule," akasema. "Kesho fundi ataanza kushusha mabati. Njooni muone."

Hakuwa ameniambia lolote, wakuu!

Asubuhi nikamkuta ananingoja kwenye parseli. Nikamwambia, "Mama, tungengoja kidogo. Labda msimu huu maji hayatafika."

"Papa Fundi, nikingoja mimi, nao watangoja."

Nikapanda. Kung'oa msumari ulioupiga mwenyewe ni kazi chungu. Watu walikuja kweli, wakasimama wakitazama. Mama alikuwa anapokea mabati pamoja na vibarua wangu. Bati la mwisho liliposhuka, alijifuta macho kwa kitenge, akaniuliza kama nimekula.

Mulumba naye alikuwepo. Alikuwa amepanga kurudi kwake maji yakipungua. Jioni hiyo akaniuliza, "Kaka, huko mlimani wanasema ni wapi pazuri?" Wengi walihama baada ya pale. Si wote, lakini wengi.

Msimu uliofuata maji yakafika kwenye ile parseli, kuta zikaanguka. Hapakuwa na mtu ndani.

Chama hakikuishia pale. Kila mtaa una mwanachama wake wa kuulizwa maswali. Redioni wanaongea Kiswahili (mmoja wao bado anachomeka Kifaransa kila sentensi, tumeshamzoea). Wamehangaika maofisini hadi familia zikaonyeshwa viwanja juu.

Na mwezi uliopita wamenishangaza tena. Papa Gaston alisimama kanisani, karatasi hana, akasema, "Kuna sehemu huko mlimani tuliwaambia ni salama. Tumekosea. Korongo linakula udongo haraka kuliko tulivyodhani. Walio karibu wasogee, na sisi tutabeba mizigo pamoja nao."

Baada ya misa nikamuona anapanda kilima na kitanda cha watu kichwani, suti ya kanisani na viatu vyake vyeusi vimejaa tope.

Nilichojifunza: msomi akisema "sijui" na "nimekosea" mbele za watu, ndipo namwamini anaposema "hameni". Na chama cha wataalamu kina maana pale kinapobeba nasi.

Wakuu wa Kigoma, Uvira, Bujumbura na kwingine: wataalamu wa kwenu wanawaambia nini kuhusu maji na mvua hizi? Na je, wewe ungeweza kushusha bati lako? Karibuni tuchangie, hata wa kunipinga.