Fyuzi ya Chumba cha Pasi

Miaka ya hamsini nilikuwa nikifua na kupiga pasi mashuka ya wagonjwa katika hospitali ya misheni, Iringa. Asubuhi moja waya wa pasi, uliokuwa umechubuka, ulitoa cheche na taa ya chumba ikazimika. Nilidhani nimeharibu jenereta ya hospitali.

Fundi alikuja, akafungua kisanduku cha ukutani, akanionyesha kijiwaya chembamba kilichokatika.

“Fyuzi imeungua, dada. Jenereta ni nzima.”

“Kwa nini msiweke waya mnene, usiokatika?”

“Huo ungevumilia, waya wa pasi ungeendelea kutoa cheche, halafu moto ungeshika mashuka, kisha paa.”

Nikamwomba nifunge kijiwaya kipya mwenyewe. Akabadilisha kwanza waya wa pasi, akazima swichi kuu, akanipa bisibisi. Taa ilipowaka, nilicheka kwa sauti.