Siku Maji Yaliporudi Nyuma Clairwood

Mama alikuwa ametoka Bukavu kuja kukaa kwangu mtaa wa Overport, katika mji huu wa bandari, na kila siku aliniuliza kama mji huu hauna mto. Jumamosi moja nilitoka kazini saluni mapema, nikampeleka mtaa wa viwanda wa Clairwood, kwenye mfereji wa zamani wa zege unaopeleka maji ya mto bandarini. Kando yake kuna kinjia, na nyuma ya kinjia maghala na malori.

"Tufuate maji tu," nilimwambia. "Yatatufikisha uone meli."

Alitangulia, kitenge kimemkaa vizuri. Tulipokwenda kitambo, akasimama ghafla.

"Tunapotea. Maji iko inaenda kule tulitoka."

"Mama, maji inaenda baharini. Bahari iko mbele."

"Angalia basi."

Sikuangalia. Asubuhi ile alikuwa ametia chumvi kwenye chai, akaniita kwa jina la mdogo wake. Nikasema moyoni: ndiyo haya sasa, akili imeanza kumpotea. Nikamshika mkono, nikaanza kumwongelesha polepole.

"Miye si mtoto," alisema, akauchomoa mkono wake. Akachuma jani, akalitupa majini.

Jani lilielea likirudi tulikotoka, tena kwa haraka. Nikageuka huku na huku. Maghala yalifanana yote, na sikujua tena bandari iko upande gani. Huenda mimi ndiye niliyekuwa nimepotea.

Bwana mmoja alikuwa ameketi ukingoni anavua samaki. Nilimuuliza. Akacheka, akaeleza kwamba bahari ikijaa husukuma maji mpaka ndani ya mfereji, halafu baadaye yanatoka tena.

"Eish, mama yako ana macho," alisema.

Nilimkumbatia Mama pale pale, nikicheka mpaka machozi. Naye alijawa na furaha.

"Sasa twende nyumbani," alisema. "Baba yako atarudi, hatakuta chakula."

Baba tulimzika kabla sijaja nchi hii. Nilimtazama Mama usoni nikitafuta utani. Uso ulikuwa ule ule aliokuwa nao aliponionyesha maji, mtulivu, wenye uhakika. Nilishindwa kujua nimwamini wapi na nisimwamini wapi.

"Twende, Mama," nikasema.

Kwenye robot, yaani taa za barabarani, ni yeye aliyenizuia nisivuke, maana lori lilikuwa linakuja na mimi sikuliona.

Tulipofika nyumbani nilimpigia kaka yangu Bukavu. Nilianza na habari ya maji, nikaizungusha weee, mwisho nikamwambia na ile ya Baba.

"Huku pia alikuwa anamwekea Baba sahani," alisema kaka. "Tulifikiri ni huzuni tu."

Tukapatana abaki kwangu, na Jumatatu nimpeleke kwa daktari.

Nilipoingia jikoni Mama alikuwa anamenya viazi, maganda membamba kama zamani. Akainua macho.

"Mbona unaniangalia hivyo?"

Nikachukua kisu cha pili, nikakaa karibu naye.