Nati Aliyoikaza Tata

Nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na moja kwenye gereji ya tata, huku mtaani Dilala, kabla mtu wa Kisenge, mji wa migodi, hajafika. Tata maana yake baba, lakini hakuwa baba yangu. Ni fundi aliyenifundisha kazi, na mtaa mzima ulimwita hivyo. Mimi ndiye niliyejua chai yake inataka sukari ngapi, na kwamba akikohoa mara mbili anaomba spana, ule ufunguo wa kumi na tatu. Halafu akaja huyu, mtu mzima mwenzangu, mrefu, mpole wa kuudhi, aliyewahi kutengeneza injini za treni huko kwenye migodi ya manganizi. Haikupita miezi miwili nikamsikia tata akimwambia mteja: "Ule eko na bidole."

Mimi hakuwahi kuniambia nina vidole. Aliniambia nina bidii. Nikawa nakula na neno hilo na kulala nalo. Mke wangu akaniuliza kama ninaumwa, nikamjibu ni vumbi.

Vidole alivyovisema tata ni vya kazi moja. Katika injini kubwa za zamani kuna vijiti vya chuma, tunaviita tije, vinavyosimama juu ya vikombe vidogo viitwavyo pusware na kusukuma mikono inayofungua vali. Ndani ya pusware kuna springi na mafuta. Tije ikiwa fupi, injini inagonga kama sufuria zinazooshwa kwa hasira. Ikiwa ndefu, inakandamiza pusware mpaka chini kabisa, vali haifungi tena, na injini haina nguvu hata ya kukohoa. Inatakiwa ikandamize kidogo tu, kama unene wa ukucha.

Kupima urefu huo tata alikuwa na kipimo chake mwenyewe: tije ya zamani aliyoikata katikati, akaunganisha vipande viwili kwa skrubu, na nati ya kufunga. Unakisimamisha mahali pake vali ikiwa imefungwa, unakirefusha polepole huku ukikiinua na kukishusha kwa vidole viwili, mpaka usikie mchezo, ule ulegevu, umekufa. Hapo unaongeza mzunguko mmoja kwa ajili ya pusware, unakaza nati, basi. Na gereji ilikuwa na sheria moja tu isiyovunjwa: nati aliyoikaza tata haifunguliwi na mtu mwingine.

Tata alikwisha kuniambia kwamba siku atakayochoka atakiacha kipimo hicho kwa mmoja wetu. Alisema "mmoja wetu". Kabla ya Kisenge tulikuwa wawili tu pale, yeye na mimi, kwa hiyo mwelewe nilivyolipokea neno "wetu".

Kazi yenyewe ilikuwa pikapu ya Kimarekani ya mama mmoja muuza unga. Vichwa vya injini vilikuwa vimepinda kwa joto, vikapelekwa kuparuzwa, vikarudi vyembamba, hivyo tije zake za zamani zikawa ndefu mno. Na injini ile haina skrubu ya kurekebishia juu. Ukikosea urefu umekosea kila kitu. Tata akapima asubuhi, akafumba macho kama kawaida yake, akakaza nati. Kisha akampa kipimo mtu wa Kisenge akipeleke kwa mkereza vyuma, atukatie tije kumi na sita mpya.

Kwa miaka kumi na moja safari hiyo ilikuwa yangu.

Mtu wa Kisenge alikiweka kipimo juu ya meza na kwenda kuswali kwanza. Ni Muislamu, hakosi. Nilimwona anajimwagia maji miguuni nyuma ya ukuta, taratibu, bila haraka yoyote, na roho iliniuma kwa jinsi alivyotulia. Tata alikuwa anaongea na mama wa unga. Nikachukua funguo mbili, nikafungua nati, nikarefusha kipimo mizunguko mitatu, nikakaza. Mzunguko mmoja ulikuwa wa pusware, mitatu ilikuwa ya wivu wangu. Nilitaka aaibike, basi. Nilitaka tata aone vile vidole.

Mtu wa Kisenge akaondoka na taksi-moto, pikipiki ya kukodi, akarudi kesho yake na tije kumi na sita zinazong'aa. Akaanza kufunga. Kwenye ya tatu akasimama.

"Tata," alisema, "hii iko nashuka sana. Pusware inafika mpaka chini."

Nilimwahi tata. Nilijibu mimi, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Tata njo alipima mwenyewe. Unataka kusema tata hajue kupima?"

Nani angethubutu kusema ndiyo mbele ya mzee? Mtu wa Kisenge aliinamisha kichwa. "Hapana, tata. Unisamehe." Akaendelea kukaza zote kumi na sita, na mimi nikampa funguo moja moja, nikiwa nimejaa furaha mbaya.

Mama wa unga alikuja kusikia injini yake ikiwaka. Ilizunguka bure. Ikazunguka tena, nyepesi, kama haina kitu ndani, ikapiga moshi nyuma kupitia kabureta. Tulipofungua, tije mbili zilikuwa zimepinda. Tata akamwambia mtu wa Kisenge apime upya. Akapima, akakiweka kipimo karibu na tije mpya, na tofauti ikaonekana hata kwa mama wa unga.

"Mizunguko mitatu," tata alisema. Sikuwahi kumsikia na sauti ile.

"Labda ilifunguka mu njia, tata," alisema mtu wa Kisenge. "Moto ilikuwa natikisa sana. Kosa ni yangu."

"Nati yenye mi nakazaka haifungukake." Tata alivitazama vidole vyake, pande zote mbili. "Ni hii. Iko nanibeya bongo, iko nanidanganya. Sikusikia kitu."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa wangu, ulimi ulikuwa wangu. Tata alichukua kipimo, akakifuta kwa kitambaa, akapita mbele ya mtu wa Kisenge na kuja kwangu.

"Kamata," alisema. "Njo weye uliniaminia."

Nilikipokea kwa mikono miwili, mimi eti niliyemwamini.

Tata hakurudi tena gerejini. Mtu wa Kisenge bado yuko, na wateja bado wanamtafuta yeye, na bado ninamwonea wivu, sasa zaidi, kwa sababu anapokuja kuniomba kipimo ananiomba kwa heshima. Kila Jumapili baada ya misa napita kwa tata, katika nyumba yake, ya zamani, iliyojengwa na kampuni ya migodi. Namkuta barazani ameshika kijiko kati ya kidole gumba na cha pili, anakiinua na kukishusha, macho amefumba. Anavifanyisha vidole mazoezi. Jumapili iliyopita alifumbua macho aliponisikia, akatabasamu.

"Leo nimesikia kidogo," alisema.

"Itarudi, tata," nikamwambia, nikakaa karibu naye, na kipimo kikiwa mfukoni mwangu.