Maji Yangu Matamu Nusura Yamuue Bibi

Kosa ni langu, na nalisema nikiwa nimeficha jina kwa sababu kijiji chetu cha Kiriba kiliniita shujaa. Shujaa wa kikombe!

Mimi ni kijana wa nyumbani. Wenzangu wanavua sangara, wengine wanalima muhogo, mimi nakaaga jikoni na bibi. Ananiitaga "mume wangu", utani wa mabibi wa huku. "Mume wangu, wewe utazaa na mafiga!" Tunacheka.

Bibi ana presha. Hospitali walipomwambia apunguze chumvi, nikajipa uaskari. Chumvi nikaificha, tukawa tunakula dagaa kama majani makavu.

Masika yakaleta kuharisha. Bibi alishikwa asubuhi. Kufika mchana, chooni anabebwa. Mvua ilikata barabara, hakuna pikipiki iliyokubali kupita. Tukafungiwa ndani: mimi, yeye na ndoo.

Jirani yetu, Mama Bhoke, alivuka tope kutuletea pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini. Nikasoma nyuma: sodium. Biolojia ya form four ikanipanda kichwani! Si ndiyo chumvi hiyo? Nimpe mtu wa presha? Nikairusha juu ya kabati. Nikachemsha maji, nikatia sukari peke yake. Nyingi. Sukari si ndiyo nguvu?

"Umempa ile pakiti?" Mama Bhoke akauliza dirishani.

"Nimempa, mama."

Uongo mkavu!

Kila bibi alivyokunywa, alizidi kuharisha. Nami nikazidisha sukari. Jamani! Siku mbili. Macho yalizama, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama.

"Mume wangu, mbona kiu haiishi?"

Nikamkorogea kikombe kingine.

Barabara ilipopitika tukamkimbiza hospitali ya Musoma, akawekewa dripu. Nesi akanivuta pembeni. "Kaka, alikuwa anakunywa nini?" Nikamwambia yeye tu.

"Kwa hiyo kusoma ulisoma, kuelewa ndiyo hukuelewa!" Akanichorea ukuta wa utumbo kwenye kipande cha boksi. Seli zimepangana, kila moja ina utando wake, na kwenye utando kuna kibebeo. Kibebeo hicho kinaingiza sukari ikiwa pamoja na chumvi. Vikishaingia, sukari inatokea mlango wa upande wa pili kwenda kwenye damu, na maji yanafuata. "Wewe ulileta sukari bila mwenzake. Ikarundikana utumboni, ikavuta maji ya mwili wake na kuyamwaga nje. Ulikuwa unamkausha kwa kikombe!"

Nilitamani sakafu inimeze.

Bibi alipona nusu. Figo ziliumia, kliniki haziishi. Lakini yeye alijua nimemwokoa! Kanisani akanisimamisha: "Huyu alininywesha maji ya sukari mpaka barabara ikafunguka!" Makofi, vigelegele! Nikatabasamu kama mbuzi wa sadaka. Nikisema, namvunja moyo. Nikinyamaza, ninaoza. Nikanyamaza miezi mitatu, ndani ya nyumba ileile.

Wiki iliyopita Mama Bhoke akaja mbio. Mjukuu wake anaharisha. "Baba, nipe vipimo vya ile sukari yako aliyoisifu bibi kanisani. Chumvi haiwekwi, si ndiyo?"

Bibi alikuwa kwenye mkeka nyuma yangu.

"Mama, usimpe! Pakiti yako sikumpa bibi. Yale maji ndiyo yalikuwa yanamuua. Kampe ORS kama ilivyo, halafu mkimbize zahanati!"

Alinitazama kama ananiona mara ya kwanza, akaondoka mbio. Mtoto amepona, namshukuru Mungu.

Bibi akaniita niketi mkekani. Kisha akauliza, "Uliogopa presha yangu, au uliogopa kuuliza?"

"Kuuliza, bibi."

Tangu siku hiyo anajimiminia maji mwenyewe, na mimi nipo palepale namtazama. Sina pa kwenda, wala sina mdomo wa kusema lete nikusaidie.

Nyie mnaouguza wazee na watoto nyumbani, nawasihi! Mtu akiharisha, ORS ipimwe kwa maji safi kama pakiti inavyosema. Usipunguze kitu, usiongeze kitu. Ana presha? Mpe, na mpeleke kwa mhudumu haraka. Kama njia imekatika, piga simu, piga kelele, uliza! Aibu ya kuuliza inaisha palepale. Hii yangu naamka nayo kila siku.