Pengo Kwenye Duara

Katibu wa chama cha wafanyakazi pale ofisini ana kalamu tatu kwenye mfuko wa shati, na humwazimisha yeyote anayetakiwa kusaini. Ukimrudishia kalamu, huifuta kwa leso, taratibu, kama mtu aliyerudishiwa mswaki wake. Mama wa masijala, anayegonga mhuri barua zote zinazoingia, hajawahi kuupenda ufutaji ule. Sauti ya katibu ni nene na imejaa "sisi": sisi tumechoka, sisi hatukubali, serikali haiwezi kusimamisha nyongeza zetu za mishahara mwaka wa tatu huu halafu tuipigie makofi.

Wiki iliyopita alichora duara kwenye karatasi ya malalamiko kwa kuzungushia kalamu kikombe cha chai. "Sainini kulizunguka, asijulikane nani kaanza," alisema, maana safari iliyopita aliyeanza alihamishwa kabla mwezi haujaisha. Watu wakashusha pumzi, wakasaini. Leo karatasi imefika masijala iende kwa mkurugenzi. Mama akaizungusha polepole, akipitisha kidole jina kwa jina, hadi kidole kikatua kwenye pengo la kutosha sahihi moja. Akamwita.

"Kaka katibu, mbona hapa peupe?"

Katibu akainama, akapatazama kwa makini, akaguna kama daktari.

"Aa, hapo ni pangu, dada. Ngoja nikatafute kalamu."

Na zile tatu zikang'aa mfukoni mwake hadi alipotokomea mlangoni.