Jani la Alfajiri

Mwaka wa ukame uliofuata mafuriko makubwa, mke wangu alitokwa na vidonda kinywani. Mashamba ya kijiji chetu cha Wema yalikuwa yamekauka, na kwenye zahanati ya Garsen walimshauri ale mboga za majani. Kilichobaki kibichi ni mtambaa mmoja nyuma ya nyumba yetu, wenye majani manene yaliyojaa maji. Mama yake alikuwa akiyapika zamani.

"Nichumie baada ya alasiri," aliniomba.

Nilichuma baada ya sala ya alfajiri. Miaka yote nimefundisha katika chuo cha Kurani kwamba baraka iko asubuhi, na nilitaka jani lake liwe na baraka. Yalipoiva, alitia kijiko kimoja mdomoni, machozi yakamtoka.

"Kali kama ndimu, Baba watoto. Si nilikwambia alasiri?"

"Jani ni lile lile. Mungu hakuumba jani la asubuhi na jingine la jioni."

"Basi kula wewe, mwenye kinywa kizima."

Sikula. Nilimwambia anakufuru riziki. Kesho yake nikachuma alfajiri tena, na keshokutwa, nikimsimamia mpaka ameze. Siku ya tano aligeukia ukutani, akakataa mboga na uji pia. Nikauita ukaidi, nikanuna. Alifariki kabla ya wiki mbili kwisha, na sikuwa nimesema naye neno jema. Sisemi jani lilimuua. Siku zake zilikuwa zimefika.

Baada ya sala ya jeneza, imamu aliuliza, kama ilivyo desturi, nani anamdai marehemu haki yake. Nilisimama mbele ya watu.

"Mimi mumewe nimemsamehe yote."

Walinisifu kwa subira.

Mwalimu wa sayansi wa sekondari alipokuja kutoa pole, nilimsimulia ukaidi ule wa jani. Aliinamisha kichwa.

"Sheikh, marehemu alisema kweli. Mimea ya namna hii hufungua vitundu vyake usiku, maana mchana ingekauka. Ndani ya jani mna vimeng'enya, ndivyo vinavyoendesha kazi zake. Kimoja huamka usiku, hushika hewa iliyoingia, na ukali wa asidi hurundikana mpaka alfajiri. Jua likichomoza hicho hutulia, vitundu hufungwa, na jani huitumia asidi ile kujitengenezea chakula. Kufika alasiri ukali umekwisha."

Sikumsadiki. Alfajiri nilitafuna jani moja, meno yakafa ganzi. Alasiri nikatafuna jingine, la mtambaa ule ule. Lilikuwa poa kama maji. Mgonjwa angelimeza bila taabu.

Namshukuru Mungu kwa kunijulisha nikiwa hai. Lakini ni mimi niliyewafundisha watoto kwamba haki ya mja haisamehewi mpaka mja mwenyewe aridhie. Msikitini wangali wanasimulia jinsi nilivyomsamehe mke wangu. Nasikia, nainamisha macho, na mpaka leo sijawaambia nani alistahili kuombwa msamaha.