Kijiti cha Pili cha Mstari

Nilisomea Kifaransa, si hesabu. Lakini mwalimu wa hesabu wa shule yetu ya Butembo alipohamia Beni, prefe wa masomo, mkuu wetu wa shule, alinikabidhi chaki zake. Akasema mkaguzi akija na kuridhika, kazi itakuwa yangu. Asiporidhika, nirudi kwetu Kalunguta kulima. Mimi na jembe hatujawahi kupatana.

Basi nikawa najifunza leo ninachofundisha kesho. Siku ya kuchora mistari ya milinganyo nilijiona fundi. Niliandika 2x + 3y = 6. Nikaziba 2x kwa kiganja: 3y ni 6, basi y ni 2, hapo mstari unakata mhimili uliosimama. Nikaziba 3y: x ni 3, hapo unakata mhimili uliolala. Rula ya ubaoni ilikuwa imevunjika, kwa hiyo tuliunganisha nukta zetu mbili kwa kamba, kama watu wa Masereka wanavyofunga kamba kwenye vijiti viwili kabla ya kupanda viazi. Wiki nzima darasa liliziba na kuvuta kamba, nami nikavimba kichwa.

Mkaguzi alikuja Alhamisi. Alitazama kidogo, akachukua chaki, akaandika 2x + 3y = 0, kisha akaenda kukaa nyuma.

Niliziba 2x. Y ni 0. Niliziba 3y. X ni 0. Nukta zote mbili zilikuwa palepale, mihimili inapokutana. Nikaziba tena, labda kiganja kilikosea. Lile jembe nikaliona waziwazi.

Msichana mmoja wa Masereka, aliyekuwa ameshika kamba, alichoka kungoja.

"Monsieur, kijiti moja hapana kamata kamba," alisema. "Tuweke ingine kule. Tuseme x iko tatu, donc y itakuwa moins deux."

Akapima tatu kulia, kisha hiyo hasi mbili yake kwenda chini, akavuta kamba. Mstari ukanyooka.

Mkaguzi akamuuliza ni nani aliyemfundisha hivyo. Msichana alinitazama, na nadhani aliniona nilivyo.

"Ni Monsieur," akajibu.

Mkaguzi akaandika kwamba somo nalimudu, akanipa mkono, akaondoka. Kazi ikawa yangu. Nilifurahi, nikaona haya, yote kwa pamoja.

Nikafunga mlango, nikamrudisha msichana ubaoni. Nikakaa kwenye benchi lake, nikafungua daftari, nikamwomba aeleze tena polepole, kwa sababu ile moins deux sikujua imetoka wapi.